Kambale Bila Paluku

Bunia, kartie Saio, 14 Januari 2024

Mama yangu,

Hii barua nimempa Osée mu mukono yake mwenyewe, akuletee pamoja na mizigo ya lori yake, asimpe mutu mwingine njiani. Naandika kwa sababu simu haiwezekani tena. Tangu masikio yako yazibe, weye ukishika simu unadhani na siye huku hatusikii, unapiga kelele mpaka jirani anaitikia salamu yako. Juzi ulipouliza, "Na ile jambo ya mutoto, umeamua nini?", mama mukwe alikuwa palepale anachambua lenga-lenga. Akaniuliza ni jambo gani hiyo. Nikasema unauliza kama nimenunua nepi. Mama Véronique alinitazama, akarudi kwa mboga yake. Tangu hiyo siku sina amani.

Siye tuko wazima. Vumbi ya Bunia mwezi huu inaingia mpaka mu chungu. Lucien anauza misumari na mabati mingi kuliko mwaka jana, na jioni ananiletea samaki ya Kasenyi kwa sababu nilisema mara moja kwamba naitamani. Sasa nimechoka na samaki lakini sina mudomo wa kumwambia. Ni bwana muzuri, Mama, na hiyo ndiyo inaniua.

Ekografi ya tumbo imeonyesha kijana. Basi mama mukwe ameshaanza kumuita. Paluku anapiga teke. Paluku anataka mama yake ale. Kwetu mutoto hachaguliwi jina ya nyumbani, anahesabiwa: kijana wa kwanza ya mama ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Mutu ya kwetu akisikia tu jina ya mutoto wako, anajua umezaa mara ngapi. Na mimi nasikia Paluku, Paluku, kutwa nzima, na Paluku yangu iko kwako Butembo, yuko mwaka wa tano ya masomo, anaitwa Kasereka Aaron, kijana wa tatu, kama vile weye ndiye ulimuzaa, na mimi ananiita yaya, dada mukubwa.

Nilinyamaza miaka yote kama mulivyosema, weye na baba. Tulienda Marabo siye wawili kwa kisingizio ya mashamba ya binamu yako, tukarudi na mutoto, na weye ndiye ulikuwa unamubeba mugongoni. Mimi nilikuwa bado wa kubeba mufuko wa shule, nilishukuru. Lakini sasa nikimuita huyu Paluku, nitakuwa nimesema yule mwingine hakuzaliwa. Nikimuita Kambale, familia yote ya Lucien watauliza Paluku iko wapi.

Niambie nifanye namna gani. Umukumbatie Aaron. Muulize kama ile viatu ilimuenea.

Mutoto yako,
Alliance Masika

*

Butembo, 23 Januari 2024

Kwako Alliance,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira. Ati napiga kelele. Mama Séphora ya hapa pembeni anasema nasema vizuri tu. Lakini sawa, tuandikiane, angalau karatasi hainiambii allo, allo, kama mutu anayeita kuku.

Sasa sikia. Huyo mutoto utamuita Paluku, na hiyo neno imeisha. Nani anajua hesabu ya tumbo yako? Ni mimi, na kaka yako Ephraïm, na Mungu. Baba yako alikufa bila kumwambia hata ndugu yake. Mama mukwe yako namujua tangu hawajahamia Bunia, tuliimba pamoja mu korali. Ule mama anaweza kumusamehe mwizi. Kudanganywa, hapana. Siku atakapojua kwamba uliingia kwa nyumba ya kijana yake ukiwa umeshazaa, atakurudisha kwangu na kitanda yako juu ya lori, na mutoto atabaki kwao, kwa maana mutoto ni wao. Hiyo ndiyo unataka? Upoteze wawili?

Unasema Aaron atakuwa hakuzaliwa. Alizaliwa, mimi nilikuwepo. Nilimutembeza mugongoni mbele ya kanisa yote na ile umri yangu, wanawake wakacheka kwamba muzee Hélène bado anazaa. Nilikubali kuchekwa. Aaron iko na mama, na mama ni mimi, na hajakosa kitu.

Viatu imemuenea. Anakula, anakua, anachora malori ku ukuta na makaa, namuchapa, anacheka. Ndiye masikio yangu siku hizi. Mutu akigonga mulango anakuja kunivuta nguo. Sasa iko hapa anadai nimuachie pahali ya kuandika.

Mama yako,
Hélène

*Yaya Alliance, habari. Nimekuwa wa tatu mu darasa. Kiatu ya kushoto inauma kidogo lakini usimwambie mama. Ukizaa mutoto nitakuja kumuona na lori ya Osée, amesha kubali nikae mbele. Ni mimi Kasereka Aaron.*

*

Bunia, 11 Februari 2024

Mama,

Nimesoma mistari ya Aaron mpaka karatasi imelegea. Mwambie mimi nimejua juu ya kiatu lakini sikusema kwa mutu. Natuma ingine na Osée, namba kubwa zaidi.

Sikia kitu imefika. Jana Lucien aliniita niende kwa kenkayeri yake, ile duka ya misumari, nione. Nilienda polepole na hii tumbo. Kumbe alileta fundi wa rangi, na juu ya mulango ameandika kwa nyekundu, herufi kubwa: MAISON PALUKU, ni kusema Nyumba ya Paluku. Alisimama barabarani akiwa na rangi mu nywele, anangoja niseme neno. Nilisema ni muzuri. Wateja wakacheka, wakamupa mukono. Nilirudi nyumbani nikalia mu choo, pahali mama mukwe hafiki upesi.

Nilikuwa nimepanga kumwambia mbele ya kuzaa. Sasa naanza namna gani? Nitamwambia afute duka yake?

Unauliza kama nataka kupoteza wawili. Sitaki kupoteza hata mumoja, Mama. Lakini mumoja nimeshamupoteza tangu Marabo, nafikaga Butembo kama mugeni, ananionyesha kitabu yake ya shule, ananisalimia na mikono mbili. Weye uko naye kila asubuhi. Usiniambie hajakosa kitu. Labda yeye hajakosa. Mimi nimekosa.

Tumbo imeshuka. Mama wa kusaidia kuzaa anasema si mbali. Uniombee.

Alliance

*

Butembo, 27 Februari 2024

Kwa Ephraïm Paluku, Mongbwalu

Kijana yangu,

Simu yako haipatikani. Najua uko huko juu kwa wachimbaji, unauza sabuni na bote, viatu ya mpira, pahali reso ya simu haifiki. Nimempa Osée hii barua, Bunia atampa mutu wa pikipiki anayepanda kwenu. Ukiisoma, usome ukiwa umekaa.

Aaron amekufa. Alikufa Alhamisi, kwa homa. Malaria ilipanda ku kichwa, tulimufikisha kituo ya afya na ilikuwa imechelewa. Mengine nitakuambia ukija, sasa siwezi.

Tulimuzika Jumamosi. Tulipokuwa tunatoka makaburini, simu ya Mama Séphora ililia. Ilikuwa ujumbe ya Lucien: Alliance amezaa kijana, wote ni wazima, tumushukuru Mungu. Mama Séphora alinisomea mu masikio, palepale ku barabara, na viatu yetu ingali na udongo. Sikujua nifanye uso gani.

Sasa nakuagiza, na weye ni mukubwa wa nyumba. Dada yako asijue. Anayenyonyesha akisikia kifo, maziwa inakatika. Shangazi yako ilimupata ile ya namna hiyo, mutoto alikaukia mu mikono. Na Alliance si kama dada anayefiwa na mudogo. Weye unajua. Watu wa kanisa nimewaomba kwa jina ya Mungu wasiandike kitu mu WhatsApp. Wanadhani namuficha kwa sababu ya huruma tu. Osée ameapa. Mutoto akifika miezi tatu, nne, akianza kukunywa uji, nitaenda Bunia mimi mwenyewe nimwambie.

Weye ushuke Bunia siku ya kumutoa mutoto kanisani. Upeleke kitenge na sabuni kwa niaba ya nyumba. Uende na uso muzuri. Ucheke, Ephraïm. Nakujua, weye ukiwa na neno mu roho inaonekana mpaka ku masikio.

Nyumba imenyamaza. Kwangu imekuwa imenyamaza tangu zamani, lakini hii ni ingine.

Mama

*

Butembo, 3 Machi 2024

Alliance mutoto yangu,

Tumefurahi sana, sana. Mungu amekukumbuka. Kula vizuri, usione haya mbele ya mama mukwe. Ukunywe uji ya moto, ya mutama, asubuhi na jioni, na supu ya samaki kama Lucien bado analeta. Funga tumbo na kitenge. Usibebe maji. Usikae pahali watu wanasema habari ya vita na ya wagonjwa. Mutu akianza hiyo habari, simama uende kwa chumba. Roho ikichafuka, maziwa inachafuka.

Mutoto ni Paluku. Nimesema. Tusirudie.

Mimi sitakuja sasa, barabara haiko muzuri na mugongo inaniuma. Ephraïm atakuja. Hapa hakuna neno mupya. Maharagi imetoka vizuri. Mvua imeanza.

Aaron iko na masomo mingi, hana nafasi ya kuandika mingi. Viatu ya pili ilifika.

Mama yako,
Hélène

*Yaya nimefurahi kwa mutoto. Nitakuja siku ingine. Usali. Aaron.*

*

Bunia, 18 Machi 2024

Mama,

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilishuka toka Mongbwalu, nikavaa shati ya kupigwa pasi, nikaleta kitenge na sabuni kama bwana-harusi. Nilicheka mpaka mataya yaliniuma. Sasa sikia kazi yako imezaa nini.

Jana, Jumapili, walimutoa mutoto. Mchungaji ni mutu wa huku, si wa kwetu, hajui mambo ya majina yetu. Aliuliza mutoto anaitwa nani. Mama Véronique akajibu mbele ya wote: Paluku Delphin. Na Alliance, ambaye alikuwa anatazama chini, akainua kichwa akasema, "Hapana. Anaitwa Kambale."

Mchungaji hakuona kitu, aliandika Kambale na akaendelea kuomba. Lakini watu wa kwetu wote walifungua macho katikati ya maombi. Mama mukwe aliimba mustari mumoja ya wimbo, akaacha. Lucien alimushika mutoto mpaka maombi ikaisha, akamurudishia Alliance taratibu, akatoka kwa mulango wa pembeni. Usiku hakurudi. Analala kwa duka.

Nyumbani dada yangu alinivuta nyuma ya jiko. Nilidhani analia. Hakuwa analia. Alisema amechoka kuficha, liwe litakalokuwa, na sasa anataka Aaron aje akae naye, hata kama ni mu chumba ya kupanga. Akaniuliza, "Kaka, Aaron iko namna gani?"

Nilisema anakua.

Mama, mimi ni muuza sabuni, nimedanganya wateja mingi mu maisha, lakini hiyo neno inanishinda kubeba. Nilimutazama dada yangu anafurahi. Amevunja nyumba yake kwa ajili ya mutoto ambaye yuko chini ya udongo, na mimi namwambia anakua.

Mwambie. Unaogopa maziwa, mimi naogopa siku atakapojua kwamba siye wote tulijua. Nikishuka tena Bunia na weye hujamwandikia, nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema vizuri.

Ephraïm

*

Bunia, 21 Machi 2024

Mama yangu mupendwa,

Usikasirike mbele ya kusoma mpaka chini. Najua Ephraïm amekuandikia, alikuwa anaenda-enda na uso kama mutu aliyemeza jiwe. Nimesema Kambale. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga kunyamaza, kweli. Lakini Mama Véronique aliposema Paluku, nilimuona Aaron anasimama pale mu milango ya kanisa na viatu yake ya kubana, na mudomo ilisema yenyewe.

Lucien alikaa kwa duka siku tatu. Nilimupelekea chakula, alikula, alirudisha sahani imeoshwa. Jana alirudi. Nilimwambia yote juu ya Aaron, naye alikaa ku kitanda, akauliza maswali kama mutu wa forodha. Mutoto iko na miaka ngapi. Nani anamulipia shule. Anajua? Nikasema hajui. Halafu akauliza, "Anafanana na nani?" Nikasema anafanana na mimi. Hapo ndipo alilia, Mama, Lucien, ambaye sijamuona akilia hata walipochoma duka yake ya kwanza. Alisema nilimukosea, na kwamba hasira haijaisha, itakaa. Lakini mutoto hawezi kumuita mama yake yaya mpaka azeeke. Aje.

Nilimuuliza juu ya ile maandishi ya duka, nikasema tuifute. Alisema, "Kufuta nini? Si Paluku iko? Akuje aikute."

Basi muandae. Lucien amenunua kitanda, ameiweka mu chumba ya mbele, pembeni ya dirisha. Alimwambia Osée amubebe safari ijayo. Na Osée, unajua namna anapendaga maneno, alianza kutazama magurudumu, akasema lori imejaa. Imejaa nini? Mutoto mumoja? Mwambie Osée aache ulafi, Lucien atamulipia.

Mama mukwe hasemi na mimi. Ananiwekea chakula pa meza na anaenda. Anamubeba Delphin, anamuogesha, anamuimbia, lakini mimi napita kama upepo. Hajanifukuza. Nangoja. Lucien anasema nyumba ni yake mwenyewe, si ya mama yake.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Ile mistari ya mwisho ya Aaron, maandishi ilikuwa imebadilika, na hakuweka Kasereka. Aliandika Aaron peke yake. Nimewaza usiku na mchana. Umemwambia, ndiyo? Amejua kwamba yeye si Kasereka? Kama umemwambia, sikukasirikii. Nakushukuru. Lakini uniambie alisema nini.

Nakuja kumupokea mimi mwenyewe ku parking ya malori.

Mutoto yako,
Alliance

*

Butembo, 2 Aprili 2024

Alliance,

Kaa chini kwanza. Mupe Lucien mutoto amushike.

Aaron haiko tena. Alikufa tarehe makumi mbili na mbili ya mwezi wa pili. Tulimuzika Jumamosi, na weye ulikuwa umezaa usiku wa kuamkia hiyo Jumamosi. Nilikuficha kwa sababu ya maziwa. Wote walificha kwa sababu niliwaamuru, Ephraïm, Osée, kanisa. Usiwakasirikie. Unikasirikie mimi.

Nitakuambia yote, halafu sitasema tena. Homa ilianza Jumanne. Nilimupa dawa, Jumatano ikashuka, akakunywa supu, akaniomba makaa ya kuchora. Alhamisi mchana alikuwa analala, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba kupepeta maharagi. Aliniita. Mama Séphora alimusikia toka kwake, ng'ambo ya ukuta, akadhani mimi niko naye mu chumba. Aliita mara mingi. Mimi sikusikia kitu. Niliingia kwa sababu maharagi iliisha, si kwa sababu ingine. Nilimukuta anatetemeka, macho imegeuka. Tulimubeba na pikipiki, dokta alijaribu, jioni ikawa imeisha.

Mama Séphora anasema alikuwa anaita mama. Sijui alikuwa anamuita nani. Hakujua kwamba iko na wawili.

Ile mistari ya mwezi wa tatu niliandika mimi, na mukono ya kushoto, ili isifanane na yangu. Nilitaka kuandika Kasereka Aaron kama alivyokuwa anaandikaga. Nilifika ku jina, mukono ilikataa. Nilikuwa nimetoka kumuzika na hiyo jina ya uongo, sikuweza kuirudia. Na weye ukadhani ni yeye ameelewa. Hiyo barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kitanda pembeni ya dirisha.

Mambo ingine inanitafuna. Kwa kilio nilikaa chini ku mukeka, pahali ya mama, na wanawake wakanizunguka wakanipa pole ya mutoto. Nilikuwa nalia kweli, sikuwa nadanganya. Lakini hapo ilikuwa pahali yako. Nilipokea pole yako yote, Alliance, na sina namna ya kuirudisha.

Niliogopa miaka yote kwamba bwana yako akijua atakufukuza. Kumbe angesema aje. Kama ningekuacha useme mwezi wa kwanza, mutoto angekuwa Bunia mwezi wa pili, kwa watu wenye masikio. Ninawaza hiyo asubuhi nikiamka, sihitaji mutu anikumbushe.

Usinisamehe haraka.

Mama yako

*

Bunia, 14 Aprili 2024

Mama,

Maziwa haikukatika. Nilisoma barua yako nikiwa namunyonyesha Delphin, kwa sababu sikukaa na sikumupa Lucien mutoto, sikujua kwamba ni ya namna hiyo. Alikunywa mpaka akalala. Siku zilizofuata nilikuwa nangoja ikatike, nilitaka ikatike, ili angalau weye uwe na haki. Inakuja tu. Ungeniambia. Ningekuja kumuzika mutoto yangu, hata na maumivu ya kuzaa, hata kama Lucien angekataa.

Niko na hasira na weye na siwezi kuandika kwamba sina. Lakini juu ya maharagi, usijiue. Masikio si dhambi. Mimi niko na masikio mazima na sikumusikia hata mara moja mu miaka yote, kwa sababu nilikuwa mbali. Hapo tuko sawa, weye na mimi.

Ku musalaba ya kaburi umeandika nini? Kama ni Kasereka, muite fundi, aandike Paluku. Watu wakiuliza, waambie. Ephraïm alishuka, ndiye atakuja kusimamia. Alilia hapa kwa mulango kama mutoto, nikawa mimi ndiye namunyamazisha.

Nataka kukuambia namna kilio ilikuwa huku, kwa maana ile barua yako juu ya mukeka naisoma kila siku.

Lucien alifunga duka. Habari ilienea kwa watu wa kwetu na wa kanisa kwamba Alliance amefiwa na mudogo wake huko Butembo, walianza kuja. Wanawake walijaza salo, pale tunapokeaga wageni, wengine wakakaa nje ku mabenchi. Mimi nilikuwa nimekaa ku kiti, kama vile yaya anakaaga, nimevaa vizuri, nimemushika Delphin, nasema asante, asante. Mama mumoja akaniambia nijikaze, mudogo anauma lakini si kama mutoto wako mwenyewe. Nikasema ndiyo, mama. Nilisema ndiyo kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuanza yote mbele ya watu, na sikujua kama niko na ruhusa mu nyumba ya watu.

Mama Véronique alikuwa jiko tangu asubuhi. Unajua hajasema na mimi hata neno tangu ile Jumapili. Alitoka, akasimama mu mulango ya salo akifuta mikono, akasikia ule mama na mimi. Akasema kwa sauti, "Alliance, toka kwa kiti. Hapo si pahali yako."

Nilidhani siku yangu imefika, kwamba amechagua kunifukuza mbele ya watu wote, na Lucien alikuwa nje. Nilisimama. Yeye akaenda kwa chumba yake, nikasikia anavuta kitu, akarudi anakokota godoro ya kitanda yake mwenyewe. Aliiweka chini ku simenti, katikati, akaitandika kitenge.

"Mama ya marehemu anakaa chini," akasema. Halafu akawageukia wale wanawake. "Aliyekufa ni Paluku. Ni kijana yake wa kwanza. Mumupe pole vizuri."

Nilikaa chini. Nilianza kulia na sauti, ile ya mama, ile nilikuwa nimeifunga tangu Marabo, na wanawake wakashuka toka kwa viti, mumoja mumoja, wakakaa ku godoro pembeni yangu. Mama mukwe alinitoa Delphin mu mikono, akamufunga mugongoni mwake, akarudi jiko kuangalia moto.

Alliance,
mama ya Paluku na Kambale